Betri Wakati wa Maombi

Maua,
20 Januari 2025

Bwana Gedion Murithi,
Studio ya picha, karibu na uwanja wa Kinoru, Meru.

Simu zangu hushiki. Wiki ya kwanza ulikuwa ukizikata, wiki ya pili ukanifungia namba. Kwa hivyo nakuandikia kwa karatasi, na nimemwambia mtu wa vifurushi akukabidhi mkononi mbele ya wateja wako, asiisukume chini ya mlango.

Mimi ni Ruguru, dada yake Nyamu, yule uliyempiga video ya harusi nyumbani kwetu Manyatta, Embu, tarehe kumi na nne Desemba. Bibi harusi, Kaari, ni wa huko kwenu Meru na ndiye aliyekuchagua. Yeye simlaumu.

Video nimeitazama yote, saa tatu na dakika kumi na moja. Nimeona keki kutoka pande nne. Nimeona viatu vya wasimamizi. Nimeona mbwa wa jirani akilamba sufuria, na huyo ulimpa nusu dakika nzima. Halafu Baba yetu, mzee Runji, anainuka, anashikilia kiti, anasema, "Tuombe." Hapo picha inaruka. Inaporudi, watu wameshaketi na keki inakatwa. Maombi ya Baba hayapo.

Baba alifariki tarehe tano mwezi huu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema mbele ya watu. Nakitaka hicho kipande, na usiniambie hakipo.

Mwalimu Ruguru


Kinoru,
27 Januari 2025

Madam Ruguru,

Barua yako imefika vile ulitaka. Kulikuwa na mama amekaa apigwe picha ya pasipoti, na kijana wako wa vifurushi akatangaza kwa sauti kwamba imetoka kwa mwalimu aliyekasirika. Kama ulitaka kuniaibisha, umefaulu.

Pole kwa mzee. Sasa wacha nikueleze kitu usichokijua. Nilinunua kamera mpya, hizi za mirrorless, yaani haina kile kioo cha ndani kilichokuwa kwa kamera za zamani. Ni nyepesi, na hata mahali pa giza picha inatoka safi. Lakini kazi yote inafanywa na umeme. Kwa kamera ya kioo unachungulia na jicho lako, haili chochote. Hii unachungulia skrini ndogo, na nyuma kuna skrini kubwa, na ndani kila kitu kimewaka tangu asubuhi. Ukirekodi 4K, ile picha kali zaidi, kwa muda mrefu inachemka, inajizima yenyewe isije ikaungua. Siku hiyo iliheati, ikajizima, ikapoa, nikaiwasha. Wakati huo mzee alikuwa amemaliza. Hayo ni maumbile ya kamera, si makosa yangu. Hata zile za watu wa televisheni zinafanya hivyo.

Tena mteja wangu ni Kaari, na Kaari hajalalamika. Wewe kwa harusi sikukuona. Nimepitia picha elfu mbili na mia tatu, haumo hata moja. Ungekuwa ndani ungesikia mwenyewe.

Gedion Murithi


Maua,
3 Februari 2025

Bwana Gedion,

Umeandika "iliheati". Mimi hufundisha Kiswahili kidato cha tatu, na mwanafunzi akiniletea neno kama hilo namrudishia daftari. Lakini tuliache neno, tuutazame uongo wenyewe.

Tarehe kumi na nne Desemba ilinyesha Manyatta tangu saa mbili asubuhi. Kwenye video yako mwenyewe mchungaji amevaa koti la mvua juu ya suti, na wasimamizi wa bibi harusi wamejifunika leso wakitetemeka. Hilo joto la kuzima kamera lilitoka wapi? Labda kwenye sufuria uliyokuwa ukimpigia mbwa picha.

Umesema ningekuwa ndani ningesikia mwenyewe. Nilikuwa langoni. Miaka tisa iliyopita niliolewa na Mahad, ambaye anauza vitambaa hapa Maua. Mahad ni Mwislamu na Baba alikuwa mzee wa kanisa. Baba alisema sitakanyaga kwake tena, na hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Nyamu alinialika harusi kwa siri. Nilifika, miguu ikakataa kupita. Nilisimama pale kwenye mvua saa nzima nikisikiliza watu wakipiga vigelegele. Kisha shangazi yetu Wanja akatoka mbio, macho mekundu, akaniambia, "Nadhani baba yako amekuombea. Nimemwona akilia." Nikamuuliza alisema nini. Hakujua. Mvua ilikuwa inapiga turubai, spika zilikuwa zimezimwa zisipigwe na shoti, na Baba tangu augue kiharusi sauti yake ilikuwa imebaki ndogo. Wanja alishika neno "mvua" tu.

Labda huko kwenu maombi ni kitu cha kufungua chakula. Kwetu, jambo likimshinda mtu kumwambia mwenzake, humwambia Mungu huku mwenzake akisikia. Mtu mzima hawezi kusimama aseme nilikosea. Lakini watu wote wakiwa wamefumba macho atasema, na yakiisha hakuna anayemuuliza. Baba alikuwa hivyo. Mama yetu alipofariki, hakuna aliyemsikia Baba akisema anampenda ila ndani ya maombi.

Nyamu anasema Baba aliomba mvua ipungue watu wale, basi. Anasema neno Baba alilonitolea halikuondolewa, na yeye hawezi kuondoa neno la mtu aliyekwisha kuzikwa. Siku ya mazishi nilisimama nje tena.

Ulimbana Baba maikrofoni ndogo kwenye koti, naiona kwenye video. Hiyo ilikuwa karibu na mdomo wake, ilisikia. Kama picha haipo, nipe sauti. Nataka kujua kama Baba alinirudisha nyumbani au hakunirudisha. Sina lingine kwako.

Ruguru


Kinoru,
11 Februari 2025

Madam,

Mimi si mwanafunzi wako, hizo kalamu nyekundu peleka darasani.

Sawa, haikuwa joto. Nilichanganya na harusi nyingine ya Isiolo. Ilikuwa baridi. Betri za hizi kamera ni ndogo kama kipande cha sabuni, na baridi ikizipata zinaisha hata hujapiga kitu. Ile kamera yangu ya kioo, betri moja ilikuwa inamaliza harusi, na kesho yake naenda nayo ubatizo. Niliiuza kwa sababu wateja wa siku hizi, kabla hata hawajakusalimia, wanauliza kama unatumia mirrorless. Hawajui ni nini, wamesikia tu. Sasa natembea na betri sita mfukoni kama mtu wa kuuza mayai, na bado hazitoshi. Ukiongeza kwamba kadi pia ilikuwa imekaribia kujaa, basi kamera ikasimama.

Sauti sina. Ile maiki inatuma sauti kwa kamera, kamera ikizimika hakuna mahali inawekwa. Ni kama kumwaga maji kwa mtungi ambao haupo.

Na mambo ya geti yenu na dini zenu msiniletee. Mimi napiga picha. Kusuluhisha familia za watu wa Embu sikusomea.

Gedion Murithi


Maua,
19 Februari 2025

Gedion,

Tulianza na joto, tukapita baridi, sasa tumefika kwenye kadi. Wiki ijayo utaniambia ni panya.

Jumamosi nilikwenda Manyatta kuliona kaburi la Baba. Nilibeba maua na nilimbeba mwanangu mdogo. Nyamu alikuja hadi langoni na hakutoa mnyororo. Hakunitukana. Alilia, hata. Alisema, "Dada, nikikufungulia nitakuwa nimemvunjia Baba neno lake. Niletee kitu kimoja tu cha kuonyesha alibadilisha nia, nitafungua." Tuliongea kupitia vyuma kama watu wa gerezani, mtoto akiuliza huyu mjomba amefungiwa na nani. Maua niliyapitisha chini ya lango, Kaari akayapeleka.

Kaari ndiye aliyenifuata barabarani. Anasema bibi harusi hafumbi macho sawasawa, anaogopa kuharibu wanja wa macho. Anasema Baba aliposema "Tuombe", wewe ulichuchumaa nyuma ya meza ya keki, ukaigeuza kamera juu chini, ukafungua kifuniko, ukatoa betri ukaishika kwa meno huku ukitafuta nyingine mfukoni. Anasema hukuwa na haraka yoyote. Kamera ilikuwa inafanya kazi. Wewe ndiye uliyeizima.

Sitaki kusikia habari za viwanda vya kamera. Nijibu moja tu. Uliizima kamera kwa mkono wako Baba akiomba, au hukuizima? Usiponijibu, barua zako zote mbili nitazibandika mahali watu wa Kinoru wanapopita kwenda uwanjani, zikiwa zimesahihishwa.

Ruguru


Kinoru,
28 Februari 2025

Madam,

Niliizima. Umefurahi?

Na nikuambie, ningeizima tena. Muulize mpiga picha yeyote kutoka Maua mpaka Embu anabadilisha betri saa ngapi. Wote watakuambia, wakati wa maombi. Ndio wakati wetu. Watu wamefumba macho, wameinamisha vichwa, hakuna anayecheza, hakuna anayelishwa keki. Ukimwekea mteja dakika nne za watu wamefumba macho anakuambia kata hapo. Nilikuwa na asilimia kumi na moja na keki ilikuwa inafuata. Ningekosa keki, hizi barua zingekuwa zinatoka kwa Kaari. Nilisema ni joto kwa sababu watu wakisikia ni mtambo wananyamaza. Wewe hunyamazi. Mwalimu ni mwalimu.

Lakini kwa vile umeutafuta ukweli kwa nguvu hivyo, chukua wote. Hukukosa kitu. Hedifoni yangu naichomeka kwa kile kisanduku kinachopokea maiki, na kina betri yake, kwa hivyo nilimsikia mzee yote huku nikibadilisha. Labda ni mimi peke yangu nilimsikia kwa ile mvua. Na Kiembu chenu nakielewa, ni Kimeru kilichokatwa mkia.

Wewe hakukutaja. Jina la Ruguru halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Mzee wenu alikuwa ameshachanganyikiwa, Madam, na nyinyi mnaficha. Alikuwa anamwombea mama yake. Mtu wa miaka themanini na kitu, mbele ya wageni, anamwambia Mungu ati Mama yuko nje kwa geti ananyeshewa. Ati yeye mwenyewe ndiye alilifunga hilo geti, na sasa mikono haina nguvu ya kulifungua. Ati watu wake wamfungulie Mama aingie akae karibu na moto, ale na wengine. Mama yake, ambaye sijui alizikwa mwaka gani. Niliona heri isirekodiwe, watu wasije wakamcheka mtandaoni. Niliwafanyia hisani.

Hayo ndiyo umenisumbulia tangu Januari. Bandika hiyo kwa uwanja.

Gedion Murithi


Maua,
10 Machi 2025

Gedion,

Barua yako niliifungua katika chumba cha walimu. Nilitoka nje bila kumuaga mtu, nikakaa nyuma ya tangi la maji, kengele ya kipindi changu ikalia na sikwenda. Eunice, mwenzangu, alinishikia darasa. Aliponiuliza kuna nini nilimpa barua asome, na yeye kwa vile ni wa Runyenjes, hukohuko Embu, hakuhitaji kuelezwa.

Wewe acha nikueleze, uelewe ulichokuwa umeshika.

Ruguru ni jina la mama yake Baba. Kwetu Embu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba yake, na baba humwita binti huyo Mama. Hamwiti kwa jina, kwa sababu jina ni la mamake. Mimi Baba aliniita Mama nikiwa natambaa. Aliniita Mama nikimpelekea chai shambani, na Mama hata alipokuwa akinichapa. Mara moja tu maishani mwangu aliniita Ruguru, na ni siku aliyonifukuza. Ndivyo nilivyojua amemaanisha.

Mamake alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Desemba, aliyekuwa langoni akinyeshewa ni mimi. Aliniona, au aliambiwa, sitajua. Hakuwa amechanganyikiwa. Alikuwa akinifungulia, kwa njia pekee aliyoiweza, na watu wote waliokuwa pale walisikia mvua.

Umenidanganya mara tatu. Kama ungeniandikia kwamba Baba alinisamehe, nisingekuamini; ningejua unataka nikuondokee. Haya ninayaamini kwa sababu uliyaandika ukitaka kuniumiza.

Nyamu nilimpelekea barua yenyewe, kwa mwandiko wako. Aliisoma akiwa amesimama ndani ya lango. Akaisoma tena. Alipofika pale ulipomwita Baba aliyechanganyikiwa, niliona shingo ikimvimba, nikadhani ataichana. Hakuichana. Alitoa mnyororo, akautupa kwenye nyasi, akaenda kukatia ng'ombe majani bila kuniangalia. Nilipita. Nilikaa kwenye kaburi mpaka mwanangu akalala mgongoni.

Usidhani nakushukuru. Maneno ya Baba nimeyapata kwa sababu una hasira na una mdomo. Sauti yake sikuipata. Miaka tisa nilingojea kumsikia akiniita tena, na alipoita, aliyesikia ni mtu wa kukodishwa, betri kwenye meno, anawaza keki. Huwezi kunilipa hicho kitu na sitakusamehe. Usiniandikie tena.

Ruguru wa Runji


Kinoru,
17 Machi 2025

Mwalimu,

Umesema nisiandike. Hii ni moja, na hutaona nyingine.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa mimi, nisingetoa. Ila kuna kitu nilikipunguza, na kimenikaa. Maneno ni yaleyale, sikupunguza neno. Ni vile yalisemwa.

Haikuwa sauti ya mtu aliyechanganyikiwa. Nilijua hata nikiandika. Alikuwa anaongea chini, polepole, kama mtu anaongea na aliye karibu naye kwa kiti. Alisema Mama mara nne. Kila mara kabla ya kulisema alikuwa anasimama kidogo, halafu linatoka sawa, halikukwama kama yale maneno mengine yaliyokuwa yanamshinda kwa sababu ya ugonjwa.

Alipomaliza kusema wamfungulie, akanyamaza. Nilidhani maiki imekatika, nikakigonga kile kisanduku na kidole. Haikuwa imekatika. Wakati huo betri mpya ilikuwa imeshaingia, kamera imewaka, na kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Ningebonyeza, ungekuwa nao huo ukimya leo. Sikubonyeza, manake ni nani anataka ukimya kwa video ya harusi. Nilingoja keki.

Nilimsikia akipumua hivyo, muda mrefu, na turubai ikipigwa na mvua juu yake. Halafu akasema amina.

Gedion Murithi